Boti ya Siku Mbaya

"Mama, wewe unaionaje rangi hii?" Preben aliuliza, akimpa Sølvi kipande cha kitambaa cha mto. "Tunayo ya mchanga na ya bluu. Akina mama wengi wanachukua ya mchanga, haionyeshi uchafu."

Sølvi alikipokea kitambaa, akakigeuza, akamrudishia. Nyuma yake mumewe, Arnstein, alikuwa ameshakalishwa kwenye usukani wa boti nyeupe iliyopandishwa juu ya magogo katikati ya ukumbi wa kuuzia boti, na tangu waingie muuzaji alikuwa akimwita "bosi." Boti ilikuwa na urefu wa basi dogo, imenyooka, inang'aa mpaka unajiona meno.

"Ikikutana na wimbi la kusini-magharibi, na maji yanakupwa, inafanyaje?" Sølvi akauliza.

"Swali zuri hilo," Preben akasema, kisha akamgeukia Arnstein na kumjibu yeye. "Bosi, hapo nyuma pana injini ya farasi mia nne. Hakuna wimbi litakalokukamata."

"Sijauliza kama litatukamata. Nimeuliza, tukilikuta sisi je?"

Preben akacheka kama mtu aliyesikia mzaha wa mtoto wa bosi. Alikuwa kijana wa upande wa mashariki ya nchi, ambako bahari imetulia kati ya milima kama maji ya kuogea, na alivaa viatu vyeupe mwezi wa Novemba. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na ile boti Preben alikuwa ameitembeza asubuhi nzima. Ilikuwa na sofa. Ilikuwa na friji ya vinywaji, na spika nane, na kitanda omoni, kule mbele, chenye taa ndogondogo za kubadilika rangi. Kuhusu tumbo lake, yaani ile sehemu inayopigana na maji, hakusema neno.

Kupanda, Arnstein alikuwa amepanda kwa hamu, na hamu ina nguvu zake. Kushuka ndiko kulikomshinda. Kwenye daraja la pili la ngazi mgongo ukamkamata, akasimama palepale ameshika chuma, akijifanya anaitazama propela. Preben akaitoa simu yake akaanza kuisoma. Sølvi alijua kwamba mumewe angekubali kulala kwenye ngazi ile kuliko kushikwa kwapa mbele ya watu, kwa hiyo akasimama chini yake na kuanza kuuliza maswali ya propela kwa sauti kubwa: ni ya chuma gani, ikigonga jiwe inakuwaje, ya akiba bei gani. Aliuliza mpaka miguu ya Arnstein ikagusa sakafu.

Hawakuja kutafuta anasa. Kisiwa chao, Tarvøya, kilikuwa nje kabisa, kifua wazi mbele ya bahari kuu, na boti ya abiria ya mkoa ilikuwa ikipunguziwa safari: kuanzia mwaka mpya ingekuja Jumatatu na Ijumaa tu. Sølvi alikuwa muuguzi katika kituo cha afya cha Nesvika, ng'ambo ya mlango wa bahari, na wagonjwa hawaumwi Jumatatu na Ijumaa peke yake. Arnstein alikuwa mtu wa vizimba vya samaki mpaka Novemba iliyopita, boti yao ya alumini ilipodondoka kutoka juu ya wimbi na kumvunja pingili mbili za uti wa mgongo. Sasa alikuwa amepata kazi ya kukaa, katika karakana ya nyavu hukohuko Nesvika, mradi aweze kufika kila siku. Daktari alikuwa amesema mgongo ule hautavumilia kipigo cha pili. Na nyumba yao ilikuwa na mnunuzi, bwana mmoja wa mjini aliyeitaka kwa ajili ya wiki mbili za kiangazi, naye alitaka jibu kabla ya Krismasi. Basi ilikuwa ni boti ambayo Arnstein angeweza kuikalia, au nyumba iende. La tatu halikuwapo.

Walipokuwa wakitoka, Sølvi aliona boti nyingine karibu na mlango, ya kijivu, imeegemezwa mafagio. Urefu ulikuwa uleule na injini ileile. Akainama akapitisha kiganja chini yake. Ile nyeupe ilikuwa imechongoka mbele tu, huko nyuma bapa kama sinia. Hii ilikuwa kabari tupu, kali kuanzia omo mpaka tezi kule nyuma. Na viti vyake vinne, vyembamba kama vya farasi, vilisimama juu ya springi nene.

"Na hii?"

"Hiyo si ya familia, mama," Preben akasema. "Haina sofa, haina kitanda. Mwenye nayo wa kwanza aliirudisha, mkewe alikataa kulala ndani."

"Sisi kitanda tunacho nyumbani," Sølvi akasema.

"Twende, Sølvi," Arnstein akasema bila kugeuka.

*

Watu wa Tarvøya hawaulizani boti ilinunuliwa kwa kiasi gani. Wanauliza neno moja tu: dakika ngapi? Maana yake ni dakika ngapi kutoka gati la Nesvika mpaka gati la kwao. Jibu la kila boti kisiwani linajulikana, hata za marehemu, na mtu anaweza kusahau jina la mpwa wake asisahau dakika za jirani. Ndiyo sababu boti mpya hujaribiwa siku ya jua, maji yakiwa kama maziwa kwenye bakuli, ili dakika zitoke nzuri. Watu huja na kahawa na mikate ya mdalasini, kama wanaopokea bibi harusi.

Jumamosi ile ilikuwa hivyo hasa. Oddgeir, kaka mkubwa wa Arnstein, alikuwamo botini kama shahidi, kwa kuwa rekodi ilikuwa yake: dakika kumi na moja. Arnstein alishika usukani. Preben alikaa kwenye sofa akiwa ameweka mikono nyuma ya kichwa, na Sølvi alikaa pembeni yake akamtazama mumewe. Kwa mwaka mzima hakuwa amemwona anacheka hivyo. Boti iliruka juu ya maji kama kwamba haikuwa na uzito, na Arnstein alipiga kelele, na Oddgeir alipiga kelele, na Sølvi mwenyewe akajikuta anatabasamu, maana moyo si jiwe.

Halafu feri ya magari ikawapita kwa mbali, na mawimbi yake yakawajia, matatu, madogo, hata si ya kuzungumzia. Boti ikayagonga kwa tumbo. Pa, pa, pa. Mkono wa kushoto wa Arnstein ukaacha usukani, ukaenda kiunoni, ukarudi. Preben hakuona, na Oddgeir alikuwa anatazama saa.

Gatini wazee walikuwa wamesimama mstari.

"Dakika ngapi?"

"Kumi!" Arnstein akawajibu.

"Acha uongo wewe!"

"Kumi kamili! Muulizeni kaka yangu, ameshika saa kama anashika roho yake."

Oddgeir akakiri, na wazee wakavua kofia kwa mzaha. Mmoja akamwambia Arnstein kwamba sasa anaweza kwenda kununua maziwa akarudi nayo kabla hayajatoka kwa ng'ombe. Arnstein akasimama katikati yao akiwa ameuficha mgongo wake kwenye nguzo ya gati. Uso wake ulikuwa wa kijana.

*

Jioni Oddgeir alikuja kula mkate na jibini ya kahawia jikoni kwao, kama alivyozoea tangu mkewe aondoke.

"Shem, mumeo amenivunjia rekodi yangu, na wewe ndiye umenuna?"

"Sijanuna. Namimina kahawa."

"Anamimina kahawa kama anampiga mtu sindano," Oddgeir akamwambia mdogo wake, na wote wawili wakacheka.

"Jumatatu natia sahihi," Arnstein akasema. Benki ilikuwa imekwisha kukubali. Bei ya ile nyeupe ilikuwa ya kumtoa mtu jasho wakati wa theluji, lakini benki haijali jasho.

"Tia," Sølvi akasema. "Ila upepo wa kusini-magharibi uvume kwanza, tutoke nayo tukaione."

"Nani anajaribu boti kwenye upepo?" Oddgeir akauliza.

"Atakayeipanda kwenye upepo. Leo mmejaribu nini? Maji ya kifuu, bahari ya chungu. Mimi sina shida na siku kama ya leo. Siku kama ya leo naweza kwenda kazini ndani ya beseni la kufulia."

"Haya, nahodha," Oddgeir akasema, akachukua kipande kingine. Alipoondoka alimpiga mdogo wake begani, taratibu, kwa namna ya kumpa pole, na hiyo pole ndiyo iliyoharibu mambo.

"Unataka nipandishwe kwenye ile ya kijivu," Arnstein akasema mlango ulipofungwa. "Nikae kwenye kiti cha springi kama mgonjwa."

"Nataka ukae."

"Mwaka mzima nimekaa! Hapo, dirishani, naangalia wenzangu wanapita. Leo watu wameniuliza dakika ngapi. Unajua ni lini mara ya mwisho mtu aliniuliza kitu kisichohusu mgongo wangu?"

Sølvi alimwonea huruma na alimkasirikia, vyote pamoja, na alimpenda, jambo ambalo halikusaidia. Akaweka birika chini.

"Ile ya alumini ilikuwa dakika kumi na tatu," akasema. "Unakumbuka? Siku ya jua, wazee mstari gatini, makofi. Halafu Novemba nikakuleta nyumbani umelala juu ya nyavu, unang'ata glavu yako."

Arnstein akamtazama, kisha akavaa koti, akatoka nje kwenda kutazama kuni ambazo hakuweza tena kuzipasua. Jumatatu hakutia sahihi.

*

Alhamisi ya wiki ile Bi Hjørdis alitimiza miaka tisini. Tarvøya mtu akifika tisini chama cha akina mama humnunulia keki ya krimu yenye mawaridi ya lozi, kutoka kwa mwokaji wa Nesvika na si kwingine, na kisiwa kizima huila pamoja naye ukumbini. Keki hiyo huvuka siku ileile, mvua au jua. Mwaka ule zamu ya kuivusha ilikuwa ya Sølvi.

Aliichukua baada ya kazi, sanduku kubwa jeupe lililofungwa utepe, akaenda nalo gatini. Arnstein alikuwa tayari anamngoja, ametoka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Safari ya alasiri ilikuwa imefutwa. Si kwamba boti ya abiria ilishindwa na mawimbi, la. Upepo ukitoka kusini-magharibi haiwezi kufunga gati Tarvøya bila kujivunja mbavu. Abiria walinung'unika, wakaanza kutafuta vitanda kwa ndugu zao. Sølvi akatazama bendera iliyokuwa ikijipiga juu ya ofisi ya bandari, akatazama alama ya maji kwenye nguzo. Maji yalikuwa yanakupwa.

"Upepo ndio huu," akasema.

Arnstein akaitazama bendera naye. "Ndio huu," akakubali.

Preben alikuwa anafunga ukumbi wake wa boti, palepale bandarini, walipomtokea, mwanamke ameshika sanduku la keki kwa mikono miwili na bosi nyuma yake.

"Tumekuja kujaribu boti," Sølvi akasema.

"Leo? Mama, leo hata ndege hawajaribu."

"Tunakwenda nyumbani. Utatupeleka, utaona, utarudi kesho."

"Sikilizeni, utaratibu wetu ni kujaribu hali ya hewa ikiwa nzuri."

"Na utaratibu wangu mimi ni kwenda kazini hali ikiwa mbaya. Januari nitatoka nyumbani giza halijapasuka, na upepo kama huu, mume wangu yuko kando yangu. Wewe utakuwepo na friji yako?"

Preben akamtazama bosi, akitumaini wokovu. Arnstein alikuwa na njia ya kutokea. Angesema tu kwamba keki inaweza kungoja, na wote wangelala kwa binamu yake. Sølvi hakumsaidia. Akangoja.

"Nyeupe kwanza," Arnstein akasema. "Naendesha mimi."

"Sawa," Sølvi akasema. "Na ile ya kijivu ishushwe majini tukiwa huko."

"Lakini ile—"

"Ishushwe, Preben."

Huyo alikuwa mwanamke aliyezoea kuwaambia watu wazima walale kifudifudi wavute pumzi, nao wakalala. Preben akaenda kumwita mtu wa winchi.

*

Keki waliifunga kwa mkanda juu ya sofa. Ndani ya ukuta wa bandari boti nyeupe ilikwenda vizuri, kwa madaha. Arnstein aliuvuka mdomo wa bandari kwa mwendo wa wastani, akalitia wimbi la kwanza ubavuni kidogo, kama inavyotakiwa. Kosa halikuwa la mwendeshaji. Boti ilikuwa nyepesi, ikapanda upesi, ikaliacha wimbi, ikakaa hewani kidogo, ikarudi kwa tumbo lake bapa.

Pa!

Mlango wa friji ukafunguka, makopo yakaanza kutembea sakafuni. Wimbi la pili likafungua kabati. Preben alikuwa ameshika kila kilichoshikika. Arnstein akapunguza mwendo, ikagonga. Akaongeza, ikagonga zaidi. La tatu lilipowaangusha, sauti ikamtoka Arnstein, fupi, ya chini. Sølvi alikuwa ameisikia sauti ile mara moja tu maishani mwake, na alikuwa ameomba asiisikie tena.

Akaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe, pale kwenye wenzo wa kuongezea kasi. "Turudi."

Arnstein hakubisha. Uso ulikuwa mweupe kama minofu ya samaki. Akaigeuza boti kati ya mawimbi mawili, kwa ustadi, akairudisha nyuma ya ukuta wa bandari ambako maji yalikuwa yamelala kama Jumamosi. Ile ya kijivu ilikuwa imeshushwa, inacheza kwenye kamba zake.

"Ifungue keki tuione," Arnstein akasema.

Sølvi akafungua utepe. Keki ilikuwa imesogea upande mmoja, na waridi moja la lozi lilikuwa limedondoka na kuchubua krimu. Arnstein akalitazama kwa muda mrefu, zaidi ya waridi la lozi linavyostahili kutazamwa.

"Limeanguka moja," akasema.

"Moja tu," Sølvi akasema.

"Mawimbi matatu, moja. Mpaka nyumbani yangebaki mangapi?" Hakungoja jibu. Akajishika kwenye chuma, akapanda gatini peke yake, polepole, na safari hii hakujifanya anatazama chochote. Kisha akanyoosha mikono kulipokea sanduku. "Endesha wewe. Keki naishika mimi."

*

Viti vya ile ya kijivu vilikuwa vyembamba kweli, unavikalia kama unampanda punda. Arnstein akakaa kushoto kwa mkewe, sanduku juu ya mapaja, mikono miwili imelizunguka. Preben, aliyekuwa amebadili viatu na kuvaa mabuti ya mtu mwingine, akajifunga nyuma. Hakumwita mtu bosi.

Sølvi alifunga kwenye kifundo cha mkono kamba ya kuzimia injini mtu akianguka, akashusha omo kidogo, akatoka. Hakuwa mgeni wa bahari. Alikuwa amezaliwa kwenye kisiwa kilekile na kuendesha kabla hajavunja ungo. Lakini tangu Novemba ile, kila wimbi lilipokuja, mabega yake yalikuwa yakipanda yenyewe.

Wimbi la kwanza likaja. Boti ikapanda, ikafika juu, ikaanza kushuka, na Sølvi akakaza meno kusubiri kishindo. Kishindo hakikuja. Boti ilishuka kama kisu kwenye mkate, maji yakatawanyika pande zote mbili, nayo ikaendelea na safari yake. La pili, vilevile. Springi za viti zikashuka na kupanda zikihema. Akatega sikio upande wa kushoto, akasikia upepo tu.

Mbele yao palikuwa na Grinda, kilima cha chini ya maji ambako mkondo wa maji yanayokupwa hukutana na bahari inayoingia, na mawimbi husimama wima kama yameitwa mkutano. Hapo ndipo ile ya alumini ilipowaangusha. Sølvi akapunguza mwendo. Boti ikaanza kuyumba, ikawa nzito, ikapoteza ule ukali wake.

"Unafanya nini?" Arnstein akauliza.

"Napita taratibu."

"Kwa ajili yangu?"

Sølvi alikaza macho mbele.

"Sølvi, usininyonyeshe mimi. Hii si ya kwenda taratibu. Isikilize, inakuomba. Ongeza!"

"Mgongo wako—"

"Mgongo wangu uko hapa, nimekaa nao! Ongeza moto, mwanamke! Omo chini. Hapo. Ongeza!"

Akaongeza. Farasi wote mia nne wakaitika, tumbo kali likashika maji, na wakaingia Grinda kwa mwendo. Wimbi lililosimama mbele yao lilikuwa refu kuliko mlango wa nyumba. Wakalipanda, wakalikata, wakashuka upande wa pili, na lingine, na lingine. Yule aliyekuwa kimya mwaka mzima sasa alikuwa hanyamazi: kushoto kidogo, lile liache lipite, hili lichukue begani, sasa, sasa, vizuri! Mikono ya Sølvi ilifanya hata kabla hajamaliza kusema, na mara nyingine ilifanya tofauti, naye akasema, "Eh, na hivyo pia." Nyuma yao Preben alitapika kwa adabu upande wa chini ya upepo.

Kisha maji yakalegea. Walikuwa nyuma ya rasi ya Tarvøya, ndani ya kivuli cha upepo, na Sølvi akagundua kwamba mabega yake yalikuwa mahali pake. Akageuka kumtazama mumewe. Alikuwa ameloa mpaka kwenye nyusi, na anacheka, na chozi lilikuwa limechanganyika na maji ya chumvi hata isingewezekana kuyatenganisha.

"Vipi?" akamuuliza.

"Mgongo haujaniuma." Akasema kama mtu asiyeamini risiti yake. "Umechoka, lakini haujaniuma."

"Shika usukani, uingie nao gatini. Watakuona."

Arnstein akautazama usukani. Akalitazama gati, ambako watu walikuwa tayari wanatoka ukumbini na kukusanyika, maana boti ngeni siku kama ile huwatoa hata wazee kitandani.

"Siwezi," akasema. "Nimeshika keki."

Juu ya rasi, nyumba yao ilionekana, ile ya kona, na taa ya jikoni ambayo Sølvi alikuwa ameisahau asubuhi. Arnstein naye aliiona.

"Yule bwana wa mjini mpigie leo," akasema. "Mwambie akatafute kiangazi chake mahali pengine."

Sølvi akaitikia kwa kichwa na kuendelea kuendesha.

Preben akakohoa huko nyuma. "Samahani... kwa hiyo, tuandikishane ile... hii... Niongee na nani?"

"Na nahodha," Arnstein akasema. "Na bei uipunguze. Hii ilikuwa inaegemezewa mafagio."

Gatini Oddgeir alikuwa mbele ya wote, kofia imevutwa mpaka masikioni, saa mkononi kama kawaida yake. Arnstein akainuka kwenye kiti, akampa kwanza sanduku la keki, kisha akashika nguzo na kupanda mwenyewe. Oddgeir aliitazama Grinda iliyokuwa inachemka kule nyuma, akamtazama mdogo wake aliyesimama wima juu ya miguu yake miwili, akauliza lile ambalo kila mtu angeuliza.

"Dakika ngapi?"

Wazee wakasogea wasikie. Arnstein akalifungua sanduku mikononi mwa kaka yake, akawaonyesha.

"Keki imefika," akasema. "Limepungua waridi moja, na hilo liliangukia boti nyingine."

"Nimekuuliza dakika."

"Na mimi nimekujibu."